Je, Wajua? Sindano Inayosoma Sumaku za Atomi

Je, wajua kuwa ndani ya kipande cha chuma kila atomi ni sumaku ndogo, na kwamba ipo sindano inayoweza kusoma sumaku hizo zimeelekea wapi, atomi kwa atomi?

Sindano hiyo ni kiungo kikuu cha hadubini isiyotumia lenzi wala mwanga. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliibuni mwaka 1981 katika maabara ya IBM karibu na Zurich, Uswisi, na mwaka 1986 wakawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Sindano husogezwa hadi ikaribie sampuli kwa umbali usiofika nanomita moja, bila kuigusa, kisha huwekewa volti kidogo. Elektroni huvuka mwanya huo ingawa hakuna waya wa kuzipitisha. Mwanya ukiongezeka kwa nanomita 0.1 tu, mkondo hupungua takriban mara kumi. Ndiyo maana karibu mkondo wote hupita kwenye atomi moja tu, ile iliyotangulia mbele ya wenzake.

Atomi hiyo ikiwa na usumaku, jambo jipya hutokea. Mkondo hubadilika kulingana na kama sumaku ya sindano na ya sampuli zimeelekea upande mmoja au zinapingana. Mwaka 1990 Roland Wiesendanger na wenzake walilithibitisha hilo kwa sindano ya kromi dioksaidi juu ya fuwele ya kromi. Uso wa fuwele hiyo umejipanga kama ngazi, na sumaku ya kila kidato huelekea kinyume na ya kidato jirani.

Kuitengeneza sindano yenyewe ni kazi ya subira. Waya mwembamba wa tungsteni huchovywa katika myeyusho wa magadi makali ya sodiamu na kupitishiwa umeme wa volti chache. Waya huliwa pale unapokutana na uso wa myeyusho. Shingo yake huzidi kukonda mpaka sehemu ya chini inakatika kwa uzito wake na kuanguka. Hapo umeme lazima ukatwe papo hapo, maana ukiendelea kidogo tu, ncha iliyobaki huliwa na kuwa butu.

Kisha sindano huingizwa katika chumba cha ombwe ambamo shinikizo ni dogo kuliko la hewa tunayovuta kwa zaidi ya mara trilioni kumi. Humo huchomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 2,000 za Selsiasi ili oksidi iondoke. Moto huo huifanya ncha kuwa butu, lakini safari hii hakuna hasara: kazi inafanywa na atomi moja ya mbele, na uso safi wenye duara hushika vizuri matabaka membamba ya chuma au kromi yanayopakwa juu yake kwa mvuke wa metali hiyo. Ombwe ni la lazima, kwa kuwa gesi ikitua kwenye matabaka hayo huyaharibu.

Chuma ni sumaku kamili, na hapo ndipo tatizo lilipo: uga wake wa sumaku unaweza kuvuruga sumaku dhaifu za sampuli inayopimwa. Kromi haina tabia hiyo. Atomi zake jirani huelekeza sumaku zao kinyume, hivyo nguvu zao hufutana, na nje hakuna uga wa kuhesabika. Hata hivyo atomi ya mwisho nchani hubaki na mwelekeo wake, na huo ndio unaohitajika.

Mizani ya dukani huhakikiwa kwa mawe yenye uzito unaojulikana, na sindano nayo huhakikiwa kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana. Sampuli inayopendwa ni matabaka mawili ya atomi za chuma juu ya tungsteni. Katika baridi kali chuma hicho hujigawa katika maeneo yenye upana wa nanomita 20 na ushei, moja sumaku yake ikielekea juu, linalofuata chini. Mpakani, katika nanomita chache tu, sumaku hugeuka taratibu na kulala. Katika picha inayochorwa kutokana na mkondo, sindano yenye sumaku ya wima huonyesha maeneo hayo yakipokezana mwanga na giza. Yenye sumaku iliyolala huonyesha mipaka. Isiyo na usumaku haiwezi kutofautisha eneo linaloelekea juu na linaloelekea chini.

Bado inabaki shaka: huenda mwanga na giza vinatokana na uchafu au tofauti ya metali. Kwa sindano ya chuma, watafiti huwasha uga wa sumaku wa nje ili kuugeuza mwelekeo wa ncha. Penye mwanga pakiwa giza na penye giza pakiwa na mwanga, huku umbo la uso likibaki lilelile, shaka imekwisha. Sindano ikishindwa, hupigwa mshtuko wa volti chache ili atomi za nchani zijipange upya, kisha hujaribiwa tena. Isipokubali, hutengenezwa upya tangu mwanzo.

Bidii hiyo imezaa matunda. Mwaka 2000 watafiti walionyesha safu za atomi za manganisi zenye sumaku zinazopingana, na mwaka 2013 kundi la Hamburg, Ujerumani, liliandika na kufuta vizingo vidogo vya sumaku viitwavyo skirmioni, kimoja kimoja. Kwa hiyo ukiona picha ya sumaku za atomi, swali la kwanza la haki ni hili: sindano iliyoichora ilihakikiwa kwa sampuli gani, na ilijibu nini?