Ufipa na Desturi ya Kuota Moto Pamoja

Mwalimu au muuguzi aliyekulia Tanga au Unguja akipangiwa kazi Sumbawanga na kufika mwezi Juni, hununua sweta kabla hajanunua sufuria. Usiku wa kwanza huvaa soksi kitandani. Asubuhi huona mvuke ukitoka kinywani, akashangaa kama kweli bado yuko Tanzania.

Baridi hiyo ina sababu zake. Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Agosti mvua imekatika na mawingu ni haba, kwa hiyo joto la mchana hupotea jua likishazama. Upepo wa kusini mashariki nao huvuma bila kizuizi, maana sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi. Ukiondoa misitu kama ule wa milima ya Mbizi, miti ni michache.

Uchache huo wa miti umejenga mengi katika maisha ya Wafipa. Shambani, wazee hawakuwa na misitu ya kukata na kuchoma ili wapate majivu ya kurutubisha udongo. Walifukia nyasi ndani ya matuta ya duara yaitwayo intumba, zikaoza zikawa mbolea, na msimu uliofuata wakayatawanya matuta hayo na kupanda ulezi. Nyumbani nako kuni ni kitu cha kutunzwa. Kwetu Pito, huko Ufipa, hakukuwa na moto wa kila chumba. Moto ulikuwa mmoja, jikoni, na jioni nzima ya kipupwe ilikuwa ya hapo.

Bibi hukaa upande usiopigwa na moshi. Watoto hujipanga mbele yake, magoti yakikaribia mafiga. Kuni husukumwa ndani polepole kadiri zinavyoungua, na magunzi huongezwa moto unapofifia. Mgeni akibisha hodi, mtu husogea, kigoda hutolewa, naye huambiwa, "Karibu, mwanangu, uote moto kwanza." Haulizwi shida yake mpaka vidole vimelainika. Ndipo huja uji wa ulezi, au ugali wa ulezi kwa maharage au migebuka mikavu kutoka Ziwa Tanganyika.

Wakubwa wana kimpumu, pombe ya ulezi inayoongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija kutoka chungu kimoja. Anayekunywa hupokezana na wenzake, na maji huongezwa mazungumzo yakiendelea. Hapo motoni ndipo ngano zilipokuwa zikisimuliwa. Mwanaanthropolojia Roy Willis alizikusanya simulizi za Wafipa na kuzichapisha kitabuni mwaka 1978, lakini sisi tulizipata kwa masikio, huku migongo ina baridi na nyuso zina joto.

Sasa naishi Oslo. Mwezi Desemba mchana hufupika hadi kufikia takriban saa sita tu za mwanga, na theluji hukaa wiki nyingi. Wenzangu waliotoka Pwani hudhani mtu wa Ufipa hawezi kuteswa na baridi. Kweli mwili wangu uliizoea mapema, na nguo nzito zinapatikana, na madaktari hutukumbusha wenye ngozi nyeusi kutumia vitamini D kwa sababu jua ni dogo. Kinacholemea zaidi ni milango iliyofungwa. Hapa kila chumba kina joto lake, kwa hiyo hakuna anayelazimika kumsogelea mwenzake. Mtu anaweza kumaliza majira yote ya baridi ana joto la kutosha na hajazungumza na mtu yeyote kwa Kiswahili.

Ndiyo maana nasisitiza desturi hii tuihamishe, tusiiache nyumbani. Jumamosi za baridi tunakutana kwa zamu katika nyumba zetu, tunasonga ugali wa ulezi, na watoto hukaa sakafuni karibu na wakubwa wakisikiliza ngano. Mwanafunzi mgeni akifika mjini mwezi wa Oktoba, tunamtafuta kabla giza halijamtangulia. Hatumwulizi mitihani wala karatasi za uhamiaji akiingia. Tunampa kiti na chai ya tangawizi.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ughaibuni nimeona ukweli wake, kwani anayefungua mlango huwa alikuwa mpweke kama anayebisha. Walioko Pito waendelee kuwasogezea watumishi wageni vigoda kila kipupwe, nasi tulio mbali tufanye vivyo hivyo. Na wewe uliyefika ugenini majira haya, usisubiri kualikwa: piga hodi kwa Mswahili aliye karibu nawe.