Petroli Ikiingia Kwa Maji ya Kisima, Kuitoa Si Mchezo

Umewahi cheki vile mafuta hukaa juu ya supu? Petroli ikivuja ardhini ni vile vile: inashuka hadi ipatane na maji ya chini, inaelea hapo. 2015, bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja kule Thange, Makueni, na wasee wa huko wakakosa maji safi.

Utauliza, si wavute tu na pampu? Zii. Ukivuta maji kwa fujo, kiwango chake kinashuka, petroli inashuka nayo na kupaka udongo mwingine. Ndio maana mafundi huchimba visima vyembamba, wanavuta ile ya juu polepole, kisha wananyonya mvuke uliobaki kwa udongo. Ile imejibana kabisa huachiwa bakteria waile, na hewa husukumwa chini wapate kupumua. Hiyo ni kazi ya miaka.

Na dawa ya drai klina ni noma zaidi. Ni nzito kuliko maji, inazama hadi chini.

Kwa hivyo kisima chenu kikianza kunuka petroli, usichemshe hayo maji ati uue sumu. Mvuke unaweza shika moto. Wacha kuyatumia, ripoti NEMA mapema.