Bima ya maisha Simiyu: anza na jina la mnufaika

Kila msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, fedha huingia katika nyumba nyingi za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega kwa mkupuo mmoja. Ni wakati mzuri wa kuzungumzia bima ya maisha. Wengi wanaofuatwa na mawakala huuliza kwanza watalipwa shilingi ngapi. Kwa mkoa wetu, naona swali la kwanza liwe: atalipwa nani?

Mwaka 1963 serikali iliziweka mila za urithi kwenye maandishi kwa Tangazo la Serikali namba 436. Humo mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa ndugu wa ukoo wa mume wapo; kutunzwa kwake ni jukumu la watoto wake. Mtoto wa kike naye amewekwa daraja la mwisho la warithi. Wajane wawili wa Usukumani walioondolewa majumbani mwao kwa msingi huo walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro za kitaratibu, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kuwa Tanzania ilivunja haki zao.

Ng'ombe, shamba na nyumba, yaani akiba yote ya Msukuma, vinaweza kugawanywa hivyo. Fedha za bima hufuata njia nyingine. Kwa kawaida kampuni humlipa mtu aliyeandikwa kwenye mkataba kuwa mnufaika. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, fedha huingia kwenye mirathi, zikasubiri kikao cha ukoo na msimamizi atakayeteuliwa na mahakama. Mstari mmoja wa fomu unaweza kuamua kama mama atabaki na watoto wake.

Kwa hiyo ujaze mwenyewe, usimwachie wakala. Mwenye wake wawili aandike kila mmoja na asilimia yake. Ukimwandika mtoto mdogo, taja na mtu wa kumshikia fedha hizo mpaka akue, tena umfikirie kweli. Na aliyekata bima kabla ya kuoa akamwandika kaka yake, abadilishe jina leo. Kampuni haijui kwamba ameoa.

Kiasi kinahitaji hesabu ya nyumbani. Tuseme familia inatumia shilingi 250,000 kwa mwezi na kitinda mimba ana miaka 8. Mpaka afike 18 ni shilingi milioni 30, kabla bei hazijapanda. Toa kile ambacho shamba na mifugo vitaendelea kuingiza; pengo linalobaki ndilo la kukatia bima. Kwa kijana mwenye watoto wadogo na kipato kidogo, napendelea bima ya muda maalumu: ada yake ni ndogo na inalipa akifariki ndani ya muda huo. Zile zinazochanganya bima na akiba huvutia kwa sababu mwishoni unarudishiwa fedha, lakini ada ni kubwa, na ukiuvunja mkataba miaka ya mwanzo unarudishiwa kidogo sana au hupati kitu. Mkulima anayelipwa mara moja kwa mwaka asikubali ada ya kila mwezi. Aombe kulipa kwa mwaka, baada ya kuuza pamba.

Kuna bima zinazodhaniwa ni hii, kumbe sivyo. Mwalimu au muuguzi mwenye mkopo wa benki amekatiwa bima ya mkopo: akifariki, deni linafutwa, na hilo ni jema, ila watoto hawapati cha kula kutokana nalo. Bima ya lazima ya bodaboda inamlinda mtu wa tatu. Haimgusi dereva mwenyewe. Vikundi vya kufa na kuzikana navipenda kwa moyo wote, kwa kuwa hufika msibani siku ileile, lakini mchango wao unaishia kwenye jeneza na chakula cha waombolezaji.

Ugonjwa utajwe kwenye fomu hata kama ada itapanda. Kisukari kilichofichwa kinaweza kuwa sababu ya madai kukataliwa, na atakayebeba aibu hiyo ni mjane.

Mnufaika naye apewe nakala ya mkataba na ajue kampuni ni ipi. Madai yatahitaji cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kinachoombwa ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, na wengi wanaozika kijijini hawakishughulikii mpaka miezi ipite. Kampuni ikizungusha malipo, mlalamikaji aende TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.