Si steringi, lakini picha haiendi bila wao

Mtoto wa darasa la pili huenda hajawahi kulisikia jina la James Hong, lakini sauti yake anaijua vizuri. Ndiyo sauti ya Bwana Ping, yule bata bukini mwenye mgahawa wa tambi katika filamu za katuni za Kung Fu Panda, baba mlezi wa panda mnene anayeitwa Po.

Mzazi naye, kama alikulia kwenye vibanda vya video, huenda aliiona sura ya mwigizaji huyo miaka mingi kabla ya kupata watoto. Mwaka 1982 alikuwa fundi wa kutengeneza macho katika Blade Runner. Mwaka 1986 alikuwa mchawi mwenye kucha ndefu katika Big Trouble in Little China. Kazi zake katika filamu na televisheni hutajwa kuwa zaidi ya 600. Hata hivyo, ukiuliza anaitwa nani, wengi watakujibu, “Si yule mzee wa Kichina?”

Kwa lugha ya vibandani, mkuu wa picha ni steringi, na kila mtoto anajua kwamba steringi hafi. Anayepambana naye ni adui. Wanaobaki, kuanzia muuza duka, daktari, hakimu na jirani mbea hadi vijana wa adui wanaopigwa mmoja mmoja, hawana hata jina la kuitwa.

Watoto wakicheza uwanjani hugombea usteringi. Hakuna anayegombea kuwa muuza duka. Hapo ndipo habari ya waigizaji hawa inapomgusa mzazi. Mtoto anayekua akiamini kwamba asiye steringi si kitu, ipo siku ataamini hivyo juu yake mwenyewe, na pengine juu ya baba na mama yake pia.

Sura inajulikana, jina halijulikani

Wapenzi wa picha za mapigano za miaka ya 1980 watamkumbuka mwanamume mwenye nywele ndefu na masharubu yaliyoshuka pembeni mwa mdomo. Katika Lethal Weapon ya mwaka 1987, ndiye anayemtesa Mel Gibson kwa umeme. Katika Die Hard ya mwaka 1988, ni mmoja wa majambazi walioteka jengo. Akiwa amejificha kuwasubiri polisi, anachomoa chokoleti kwenye kabati la vioo na kuanza kula.

Anaitwa Al Leong. Dakika zake kwenye picha hiyo ni chache na maneno yake yanahesabika, lakini tukio la chokoleti linazungumzwa na wapenzi wa filamu hadi leo.

Kwa upande wa akina mama yupo Margo Martindale, mzaliwa wa Jacksonville, Texas, mwaka 1951. Katika Million Dollar Baby ya mwaka 2004 alikuwa mama wa bondia. Binti anamnunulia nyumba kwa fedha za ngumi, na mama, badala ya kushukuru, analalamika kwamba nyumba hiyo itamkosesha msaada wa serikali. Watazamaji walimchukia mama yule, na hiyo ndiyo kazi aliyopewa kufanya. Tuzo yake ya kwanza ya Emmy aliipata mwaka 2011 kupitia tamthilia ya Justified, akiwa na miaka 60. Baada ya hapo alipata nyingine mbili kupitia The Americans.

Harry Dean Stanton, aliyetumikia jeshi la majini la Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alianza kuonekana kwenye filamu katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1979 alikuwa mmoja wa mafundi wa chombo cha angani katika Alien. Ilimchukua karibu miaka 30 kupewa nafasi ya mbele, katika Paris, Texas ya mwaka 1984, filamu iliyotwaa tuzo ya juu ya tamasha la Cannes. Alipofariki dunia mwaka 2017 akiwa na miaka 91, filamu nyingine aliyokuwa mwigizaji mkuu, Lucky, ilikuwa inaingia kwenye majumba ya sinema.

Tuzo zenyewe zilichelewa kuwapa watu hawa heshima kamili. Oscar za waigizaji wasaidizi zilianza kutolewa mwaka 1937, lakini kwa miaka ya mwanzo washindi walipewa kibao, wakati wakuu wa picha walipewa sanamu. Hattie McDaniel, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Oscar, aliondoka na kibao mwaka 1940. Ilikuwa mwaka 1944 ndipo wasaidizi walipoanza kupewa sanamu kamili kama wenzao.

Hali ya jina kumezwa na sura haiko Marekani tu. Kenya nzima ilimjua Mzee Ojwang’ wa Vitimbi. Waliojua kwamba mtu mwenyewe ni Benson Wanjau walikuwa wachache mno kulinganisha na waliomcheka kila wiki.

Mhandisi aliyetumia likizo yake

Maisha ya James Hong yana mengi ya kumfaa mzazi mwenye mtoto anayetaka sanaa.

Mzee Hong alizaliwa Minneapolis, Marekani, Februari 22, 1929, katika familia yenye asili ya Hong Kong. Sehemu ya utoto wake aliisomea Hong Kong kabla ya kurudi Marekani. Baadaye alisomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu Chuo Kikuu cha Southern California, kisha akaajiriwa kuwa mhandisi wa barabara katika Kaunti ya Los Angeles. Kwa mzazi yeyote, hiyo ni kazi ya kutajwa kwa majirani.

Uigizaji ulikuwa moyoni, lakini hakuacha ajira kwa siku moja. Mwaka 1954 alijitokeza kwenye kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Groucho Marx akiigiza sauti za watu maarufu. Mwaka 1955 alionekana katika filamu ya Clark Gable, Soldier of Fortune. Kazi hizo za mwanzo alizifanya kwa kutumia siku zake za likizo. Alipoona zinaongezeka, ndipo akaacha uhandisi.

Milango aliyoikuta haikuwa wazi. Mwaka 1957 alipata nafasi katika tamthilia ya mpelelezi wa Kichina, Charlie Chan. Aliyeigiza kama mpelelezi huyo alikuwa J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland aliyepakwa vipodozi ili afanane na Mchina. Hong, mwenye asili ya China kweli, alipewa nafasi ya mtoto wa mpelelezi.

Hili mtoto mkubwa anafaa kuambiwa bila kufichwa. Si kila aliyesimama nyuma amekosa uwezo. Wengine waliwekwa nyuma kwa sababu ya rangi, umbo, lafudhi au umri, na wakubwa wa filamu hawakuona kwamba wanakosea.

Mwaka 1965 Hong na wenzake walianzisha kundi la tamthilia la East West Players mjini Los Angeles, ili waigizaji wenye asili ya Asia wapate jukwaa la kuigiza nafasi za kila aina. Wakati huohuo hakuacha kupokea nafasi ndogo alizopewa. Mwaka 1991, katika kipindi cha vichekesho cha Seinfeld, alikuwa mpokea wageni wa mgahawa anayewaambia wateja wenye njaa wasubiri kidogo, tena na tena, hadi kipindi kinaisha. Mwaka 1998 alitoa sauti ya mshauri mwenye roho ngumu katika katuni ya Mulan. Mwaka 2008 ikaja Kung Fu Panda, na tangu hapo Bwana Ping ameonekana katika filamu zote nne za mfululizo huo.

Heshima ya jina lake ilikuja akiwa mzee. Mwigizaji Daniel Dae Kim alianzisha mchango mwaka 2020 ili kupata fedha za kuombea nyota ya Hong kwenye njia maarufu ya Hollywood. Watu walichanga, na fedha zikatimia ndani ya siku chache. Nyota iliwekwa Mei 2022, mwenyewe akiwa na miaka 93. Mwaka huohuo alikuwa babu katika Everything Everywhere All at Once, filamu iliyotwaa Oscar saba Machi 2023, ikiwemo ya filamu bora.

Umaarufu haulipi kodi ya nyumba

Mzazi atauliza swali la haki: hawa watu wanakula nini?

Jibu halipendezi kama zulia jekundu. Julai 2023 waigizaji wa Marekani walianza mgomo uliodumu siku 118. Chama chao, SAG-AFTRA, kina wanachama wapatao 160,000. Ili mwanachama apate bima ya afya kupitia kazi ya uigizaji, alitakiwa awe ameingiza angalau Dola 26,470 kwa mwaka. Kwa maelezo ya viongozi wa chama wakati wa mgomo, zaidi ya wanane kati ya kila kumi hawakufikia kiasi hicho.

Wengi wao ndio hao wanaoonekana kwa dakika tatu, wanalipwa kwa siku walizofanya kazi, kisha wanakaa wiki au miezi wakisubiri simu. Fedha ndogo wanayolipwa kipindi kinaporudiwa ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma mwezi. Filamu zilipohamia kwenye intaneti, malipo hayo yakapungua, na hilo lilikuwa moja ya mambo makubwa yaliyowaingiza barabarani na mabango.

Mwaka 2018 dunia iliona upande huu wa kazi kwa namna ya kuumiza. Geoffrey Owens, aliyekuwa mkwe wa familia katika The Cosby Show, alipigwa picha akihudumia wateja kwenye kaunta ya duka la vyakula katika jimbo la New Jersey. Picha zikasambazwa, na baadhi ya watu wakamcheka kwamba ameanguka.

Owens, msomi wa Chuo Kikuu cha Yale, hakujificha. Alijitokeza kwenye televisheni akaeleza kwamba hakuna kazi iliyo bora kuliko nyingine, na kwamba aliichukua ile ya dukani kwa sababu ilimwachia nafasi ya kuendelea na sanaa yake. Waigizaji wenzake walimtetea, wengi wakieleza kazi walizowahi kufanya ili familia zile. Tyler Perry akampa nafasi katika tamthilia yake.

Waliocheka walidhani wameona mtu aliyeshindwa. Kumbe walikuwa wamemwona baba wa familia yuko kazini.

Mtoto aliyepewa nafasi ndogo

Kila shule inapoandaa igizo, kuna mtoto mmoja anayerudi nyumbani na habari kwamba yeye ni mfalme, na wengine kumi wenye habari kwamba wao ni askari, wapiga ngoma au mti. Kauli ya kwanza ya mzazi hukaa kichwani muda mrefu. “Mbona hukupewa nafasi kubwa?” inamfundisha mtoto kwamba alichonacho hakina thamani. “Huyo askari ni mtu wa namna gani?” inampeleka kufikiri kuhusu kazi yenyewe. Al Leong alipewa jambazi asiye na maneno mengi, naye akampa njaa ya chokoleti.

Kwa kijana wa sekondari anayesema anataka kuwa mwigizaji, mzazi hana sababu ya kuchagua kati ya kumkatalia na kumwachia tu. Mzee Hong alikuwa na cheti cha uhandisi na siku zake za likizo. Kijana anaweza kuwa na masomo yake, pamoja na kikundi cha sanaa mwishoni mwa wiki. Aambiwe pia habari ya bima, ya malipo ya siku na ya miezi ya kusubiri. Akiyasikia hayo yote na bado anataka, angalau anajua anachokitaka.

Kuna zoezi jepesi la nyumbani ambalo halina gharama. Familia inapotazama filamu, kila mtoto achague mtu mmoja asiye steringi na amfuatilie hadi mwisho: anafanya nini, anatazama wapi wakati wengine wanaongea, picha ingekuwaje bila yeye. Majina yanapoanza kupanda mwishoni, rimoti iwekwe chini kwanza. Anayejua kusoma atafute jina la mtu wake.

Katika Kung Fu Panda ya pili kuna sehemu ambapo Bwana Ping anamweleza Po jinsi alivyomkuta akiwa mdogo ndani ya kreti la figili, akamlisha, akamwogesha na kuamua kumlea. Steringi ni Po, na ndiye atakayepigana. Lakini kuna mtu aliyepika tambi kila siku hadi Po akafika hapo, na watoto wengi wakiulizwa wanampenda nani katika picha hiyo, humtaja pia yule bata. Sauti yake ni ya James Hong.