Vifaranga Wengi Hufa Kabla ya Miezi Miwili: Yafaayo Kufanywa

Katika nyumba nyingi za Kaunti ya Kilifi, kuanzia Ganze na Magarini hadi vitongoji vya Malindi, mtetea wa kienyeji hutaga, huatamia na kuangua bila mfugaji kugharamika sana. Shida huanza baadaye. Kuku aliyetoka na vifaranga kumi huonekana mwezi mmoja baadaye akifuatwa na watatu au wanne, na mwenyewe husema ni mwewe. Mwewe ana lake, lakini baridi ya usiku, njaa na ugonjwa wa kideri, ambao wengi huuita Newcastle, nao huua, tena kimyakimya. Kwa familia inayouza kuku shule zinapofunguliwa, kila kifaranga anayepotea ni kuku mmoja ambaye hatafika sokoni.

Kazi ya kuwaokoa huanza kabla mtetea hajalala juu ya mayai. Jogoo mmoja anatosha watetea kumi hivi. Asiwe yule aliyezaliwa papo hapo nyumbani: jogoo anayepanda mama na dada zake huleta mayai yasiyoanguliwa na vifaranga dhaifu. Kubadilishana jogoo na jirani wa mbali hakugharimu kitu, na mwenye kuchi au kishingo mzuri hakosi wa kubadilishana naye.

Mayai ya kuatamiwa yakusanywe kila siku na kuwekwa mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikitazama chini. Kwa joto la Pwani yasizidi siku saba. Yasioshwe, kwa kuwa maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yai kubwa kupita kiasi, dogo sana, au lenye ufa lipelekwe jikoni. Mtetea wa kienyeji humudu mayai 10 hadi 15 kulingana na ukubwa wa mwili wake. Akiongezewa, ya pembeni hupoa na kuharibika. Kabla ya kumlaza, akaguliwe chini ya mbawa, maana mwenye chawa na utitiri huacha mayai katikati ya safari.

Mayai huanguliwa baada ya siku 21. (Ya kanga huchukua takriban siku 26 hadi 28, kwa hivyo anayetaka kuyachanganya na ya kuku ayatangulize wiki nzima.) Siku ya saba usiku, kila yai limulikwe kwa tochi chumba kikiwa giza. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama utando wa buibui. Lililo wazi halina mbegu na liondolewe. Watetea wawili au watatu wakilazwa siku moja, mayai yanayobaki baada ya kumulika yanaweza kukusanywa chini ya wawili, na vifaranga wote watakuwa wa umri mmoja. Hilo hurahisisha chanjo na lishe kuliko kuwa na vifaranga wa kila rika uwanjani.

Mashine za kutotolesha siku hizi zinatangazwa kila mahali. Mwenye watetea watano hana haja nayo. Inataka joto la karibu nyuzi 37.5 bila kuyumba, mayai kugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, na umeme ukipotea usiku kucha, mayai yote yanaweza kuharibika.

Baada ya kuanguliwa, mfugaji ana uamuzi wa kufanya. Akimwachia mama, vifaranga hupata joto la bure, lakini mtetea huyo hatataga kwa wiki nane au zaidi. Akiwatenga, mtetea hurudi kutaga mapema, na mzigo wa joto na chakula unahamia kwa mfugaji. Njia ya kati ni kumfungia mama kwenye tenga au kizimba chenye nafasi ndogo ambazo vifaranga hupita na yeye hapiti. Hivyo vifaranga hula chakula chao bila kunyang'anywa, naye hawatembezi kwenye umande wala mbele ya mwewe na nguchiro.

Waliotengwa wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likipunguzwa kidogo kila wiki. Kipimajoto kisipokuwepo, vifaranga wenyewe husema: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kuta huku midomo wazi wamezidiwa na joto, wakitawanyika na kula wako sawa. Anayetumia jiko la makaa ahakikishe hewa inapita, kwani moshi wake usioonekana huua vifaranga, na hata binadamu aliyelala humo. Maji yawekwe kwenye chombo kifupi chenye kokoto ili wasizame. Chakula cha vifaranga cha dukani kinafaa. Anayekikosa aongeze protini kwa unga wa omena, au mchwa wanaonaswa kwa chungu kilichojazwa mabua na samadi mbichi na kufunikwa kifudifudi juu ya njia yao.

Chanjo ndiyo inayoachwa sana. Kideri hakina tiba. Kuku huhara kijani, huhema kwa shida, shingo hupinda, na banda zima linaweza kuisha kwa siku chache. Chanjo hutiwa tone moja jichoni, kwa kawaida ndani ya wiki tatu za kwanza, kisha hurudiwa kila miezi mitatu. Kikwazo ni chupa: huwa na dozi nyingi, mara nyingi 50 au 100, na ikishachanganywa haingoji kesho. Mwenye kuku 12 hukata tamaa. Majirani wakichanga na kupanga siku moja, gharama kwa kila kuku huwa ndogo, na hakuna boma linaloachwa kuambukiza mengine. Anayechanja kwa maji ya kunywa asitumie ya mfereji yenye dawa, kwa kuwa klorini huua chanjo. Kuku aliyekwisha kuugua asichanjwe.

Kwa Gumboro na ndui ya kuku, ambayo huenezwa pia na mbu, afisa wa mifugo atapanga tarehe kulingana na umri wa vifaranga. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za ufugaji ziko mikononi mwa kaunti, na mfugaji anaweza kuanzia ofisi ya mifugo ya wadi yake. Kuku wakifa ghafla wengi kwa pamoja, ofisi hiyo iarifiwe siku hiyo hiyo. Mizoga izikwe shimo refu au ichomwe, isitupwe kichakani wala kupewa mbwa, na waliosalia wasikimbizwe sokoni kuuzwa.