Uchungu Kooni: Utangulizi wa Dawa za Macho

Ukiwahi kutiwa matone machoni, huenda dakika chache baadaye ulihisi uchungu kooni ukashangaa: dawa iliwekwa jichoni, imefikaje huku? Tuanze na swali hilo, maana limebeba msingi wa somo letu.

Kwenye kona ya jicho iliyo karibu na pua pana vitundu vidogo vya kupeleka machozi puani; ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Dawa nayo hufuata mkondo huohuo. Tena nafasi iliyo nyuma ya kope la chini kwa kawaida haitoshi hata tone moja zima. Ziada humwagika shavuni au huingia puani. Kwa hiyo usidhani matone mawili yana nguvu kuliko moja. Mgonjwa afumbe jicho, abonyeze kona hiyo kwa kidole dakika mbili hivi. Kama ana dawa ya pili, asubiri dakika tano.

Sasa tuzigawe dawa zenyewe. Mtaalamu wa optometria, yaani mpima macho aliyesomea uoni na afya ya jicho, hutumia makundi mawili. La kwanza ni dawa za uchunguzi: hazitibu, humsaidia mpimaji kuona. Tropikamaidi hutanua mboni, lile tundu jeusi la kupitishia mwanga, ili nyuma ya jicho paonekane. Kwa saa kadhaa mgonjwa ataona ukungu, hivyo asiendeshe gari. Fluoresini ni rangi: chini ya mwanga wa buluu hung'aa kijani pale ambapo konea, kioo cha mbele cha jicho, imechubuka. Dawa ya ganzi hurahisisha kupima presha ya jicho, ila mgonjwa asiende nayo nyumbani. Ikirudiwarudiwa huharibu konea.

Kundi la pili ni dawa za tiba. Antibiotiki kama kloramfenikoli hupambana na bakteria. Haifai kitu kwa virusi wala mzio, ingawa vyote vitatu hufanya jicho kuwa jekundu. Steroidi hutuliza uvimbe haraka, lakini ikitumika muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi. Timololi hushusha presha kwa mwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu neva inayounganisha jicho na ubongo. Hapa ukumbuke ule uchungu wa kooni: timololi iliyopita puani huingia kwenye damu, na mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua kwa sababu ya tone la jichoni.

Nani anaruhusiwa kuandika dawa hizi? Kila nchi ina sheria yake. Huko Marekani, jimbo la Rhode Island liliruhusu wanaoptometria kutumia dawa za uchunguzi mwaka 1971. West Virginia ikaruhusu za tiba mwaka 1976. Nawe jifunze kwa mpangilio huo, usikimbilie kukariri majina ya chupa.

Siku utakapoishika timololi kwa mara ya kwanza, uliza kabla hujadondosha: “Mzee, una pumu?” Ukijua kwa nini unauliza, umeshaingia kwenye fani. Karibu.