Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi

Ruta, kwa asili yake, haiitambui mitandao ila ile iliyounganishwa nayo moja kwa moja. Na pakiti iendayo kwingineko, ikiwa hakuna njia iliyoandikwa kwa ajili yake, hutupwa papo hapo. Ndiyo sababu fundi huiandikia kwa mkono njia tuli, ambazo hudumu hivyo hivyo mpaka yeye mwenyewe azibadilishe.

Natuchukue ofisi mbili za chama cha ushirika, ya Mombasa yenye mtandao wa 192.168.10.0 na ya Malindi yenye 192.168.20.0, zote kwa maski ya 255.255.255.0, na baina yao kiungo ambacho ncha yake ya Mombasa ni 10.0.0.1 na ya Malindi ni 10.0.0.2. Katika ruta ya Mombasa, iwapo ni ya Cisco, fundi ataandika:

ip route 192.168.20.0 255.255.255.0 10.0.0.2

yaani, kila pakiti iliyokusudia mtandao wa Malindi ikabidhiwe jirani mwenye anwani ile ya mwisho, ambaye sharti awe ni yule ambaye ruta hii yaweza kumfikia tayari.

Wengi huishia hapo, na taabu huanzia hapo. Fundi hupiga pingi kutoka kwenye ruta yenyewe, akajibiwa, akafurahi. Kumbe pingi ile imetoka na anwani ya 10.0.0.1, ambayo Malindi inaijua bila ya kuambiwa. Ama karani aliye kwenye kompyuta yake hapati jibu kabisa, ilhali pakiti zake zinafika salama na majibu yanatolewa, ila ruta ya Malindi haijui 192.168.10.0 iko upande gani, hivyo huyatupa, au huyaelekeza kwenye intaneti, ambako anwani za namna hiyo hazina njia. Dawa yake ni mstari wa pili, ulioandikwa Malindi:

ip route 192.168.10.0 255.255.255.0 10.0.0.1

Fauka ya hayo, Cisco huipa njia tuli daraja la 1, na njia ambayo ruta imejifunza yenyewe kwa itifaki ya OSPF huipa daraja la 110, na ndogo ndiyo ishindayo. Kwa hiyo mstari wa zamani uliosahauliwa waweza kuipinga njia sahihi kwa miaka.

Basi, ewe fundi, ijaribu kazi yako kutoka kwenye kompyuta za pande zote mbili, kisha uandike copy running-config startup-config, kwani usipohifadhi, siku umeme utakapokatika njia zote ulizoandika zitafutika.